Jiko libaki nje: kupasha joto sanduku la vifaranga Kayole

Najua nimekuwa kimya. Kazi za wateja zilinibana, na wale mlioniuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni hapana. Nilikuwa nashughulika na vifaranga.

Naam, vifaranga. Leo hakuna seva wala hifadhidata. Kuna sanduku, balbu mbili, kihisi kimoja cha joto na mitungi miwili ya maji. Lakini msikimbie, kwa sababu ndani ya sanduku hili kuna mambo mengi ambayo sisi waandishi wa programu hudai kuyajua: kipimo kinachodanganya, mfumo unaopaswa kuharibika bila kuua mtu, na swali la nini kitatokea stima ikipotea saa nane za usiku.

Jambo la kuchekesha ni kwamba ukitaka kujua namna ya kupasha joto sanduku lenye kiumbe hai ndani, maandishi mengi utakayoyapata yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga vyura wa miti kwenye vioo sebuleni. Hapa Eastlands sijaona nyumba yenye chura wa kufugwa. Kuku ndio tele. Panda juu ya paa la ghorofa yoyote Umoja au Kayole utasikia jogoo. Hata hivyo, tatizo la chura na la kifaranga linakaribiana sana, na nimeazima mawili matatu kwa hao wa vyura. Tutafika huko.

Mambo yalivyoanza

Shangazi yangu anaishi Kayole, chumba na sebule kwenye ploti ya zamani yenye milango minane. Analea mjukuu wa miaka sita. Anachofanya ni hiki: ananunua vifaranga wa siku moja wa kienyeji walioboreshwa, sitini kwa mkupuo, anawalea mpaka wiki ya tano, kisha anawauzia watu wenye nafasi kubwa zaidi. Faida si kubwa ila inakuja kwa wakati, na karo ya mtoto hutoka hapo. Wakifa kumi, muhula unakuwa mgumu. Wakifa ishirini, anakopa chamani.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, kama mnavyokumbuka, stima ilipotea karibu nchi nzima. Shangazi alikuwa na vifaranga wa siku nne. Nairobi mwezi wa Agosti bado ina baridi, na chumba cha ukuta wa mawe chenye paa la mabati hakikai na joto hata saa moja. Akafanya wanachofanya watu wengi: akawasha jiko la makaa, akasubiri moshi uishe, akaliingiza ndani karibu na sanduku. Mjukuu alikuwa amelala upande wa pili wa pazia.

Kwenye saa tisa za usiku mtoto aliamka akilia kichwa, kisha akatapika. Shangazi mwenyewe alisema miguu ilikuwa kama si yake. Bahati nzuri jirani wa mlango wa pili alisikia kilio, akagonga, na mlango ukafunguliwa. Wakakaa nje kwenye baridi mpaka kukapambazuka. Hao wawili walipona. Vifaranga ishirini na watatu walikufa kwa kulaliana wakitafuta joto mlango ulipokuwa wazi.

Kwa wasiojua: makaa yakiungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Kutoona moshi hakumaanishi chochote, kwani jiko lililokolea vizuri bila moshi bado linaitoa. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua kama kawaida na bado mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Huo usingizi ndio unaoua. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizokutwa asubuhi na jiko katikati ya chumba.

Wiki iliyofuata nilienda kumwona. Aliniambia hivi: "Baba, wewe si ndiye wa kompyuta? Unawatengenezea wazungu vitu. Nitengenezee na mimi kitu. Lakini sitaki kitu cha kunipigia kelele za intaneti."

"Sawa, Shangazi. Nipe wiki mbili."

Kifaranga anataka nini

Tuanze na mahitaji, kama ilivyo desturi. Kuku mzima ana joto la mwili la karibu nyuzi 41. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kweli, ana malaika tu, na mwili wake bado haujajifunza kujidhibiti joto. Akikosa mama wa kumlalia, sharti sanduku liwe mama.

Kanuni inayotumiwa na wafugaji ni rahisi kukumbuka. Wiki ya kwanza, joto la pale wanapokaa liwe nyuzi 33 hadi 35. Kila wiki punguza kama nyuzi 3. Ukifika karibu nyuzi 21, au wakiwa wamevaa manyoya kamili, wamehitimu. Joto hilo lipimwe kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, yaani sentimita tano hivi kutoka kwenye maranda. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakikuelezi chochote kuhusu anayeishi sakafuni.

Sasa hapa ndipo nilipowaazima wafugaji wa vyura. Wao husisitiza jambo moja: usipashe sanduku zima sawasawa. Pasha upande mmoja, uache upande wa pili uwe baridi kidogo, ili mnyama achague. Chura wa miti hawezi kutengeneza joto lake mwenyewe, kwa hiyo anahama kutoka tawi moja kwenda jingine. Kifaranga naye ana miguu. Ukimpa upande wenye nyuzi 34 na upande wenye nyuzi 27, atajipanga. Makosa madogo ya kipimo chako atayasahihisha yeye kwa kutembea.

Tena anakupa ripoti bure:

- Wamerundikana chini ya balbu, wanalia kwa sauti kali: baridi.
- Wamekimbilia pembeni, mabawa wameyalegeza, midomo wazi: joto limezidi.
- Wamebanana upande mmoja mbali na balbu: kuna upepo unaingia.
- Wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, sauti ni ndogo ndogo: achana nao.

Shangazi alikuwa anayajua haya yote kabla sijafungua mdomo. Anasikiliza sauti tu, hata akiwa anapika, na anajua. Nilichohitaji kujenga ni kitu cha kumlinda saa ambazo yeye amelala.

Chanzo cha joto

Wengi hutumia balbu, na hapo pana kichekesho cha maendeleo. Balbu ya zamani yenye uzi wa tungsteni ilikuwa taa mbaya sana: sehemu kubwa mno ya umeme wake, zaidi ya tisa kwa kumi, inageuka joto. Kwa mwenye kutaka mwanga huo ni upotevu. Kwa mwenye vifaranga ndio mali yenyewe. Balbu za LED zilizojaa madukani sasa zinatoa mwanga mwingi kwa wati 9, na ukimwekea kifaranga utamwangazia vizuri akifa kwa baridi. Kwa hiyo ukienda dukani taja wazi kwamba unataka balbu ya uzi, na uangalie wati.

Kuna pia balbu nyekundu za infraredi za wati 250, ambazo wenye vifaranga wengi hupenda. Na kuna kile kifaa cha seramiki ambacho wafugaji wa vyura na mijusi hutumia: kinafungwa kwenye soketi kama balbu, kinatoa joto bila mwanga wowote, ili mnyama ajue usiku ni usiku. Ni kizuri, ila bei yake na upatikanaji wake ulinirudisha kwenye balbu.

Nilichukua balbu mbili za wati 100. Kwa nini mbili na si moja ya 200? Kwa sababu balbu huungua. Moja ikiungua usiku, nusu ya joto inabaki, na vifaranga wanaweza kuvumilia nusu mpaka asubuhi. Hii ni kanuni ile ile ya kuwa na seva mbili, ila hapa gharama yake ni soketi moja zaidi.

Sanduku lenyewe lilitengenezwa na fundi wa Kariobangi kwa vipande vya plaiwudi, mita 1.2 kwa mita 1, na kimo cha nusu mita. Nje tulizungushia katoni tabaka mbili. Juu ni wavu, na blanketi kuukuu linalofunika theluthi mbili, theluthi ya upande wa baridi ikiachwa wazi ili hewa ipite. Balbu zinaning'inia kwa mnyororo. Nasisitiza mnyororo. Balbu iliyoning'inizwa kwa waya wake wa stima siku moja itaanguka kwenye maranda makavu, na hapo hatuzungumzii tena vifaranga, tunazungumzia ploti nzima.

Kazi yote ya volti 240 aliifanya fundi wa stima. Mimi niliishia kwenye volti 5. Kila mtu na eneo lake.

Ubongo wa sanduku

Haya, wapenzi wa msimbo, sehemu yenu imefika. Vifaa vilitoka Luthuli Avenue: Arduino Uno, kihisi cha DS18B20 chenye ncha ya chuma isiyoingia maji, rezista ya kilo-omu 4.7, rilei ya volti 5, saa ndogo yenye betri yake, na kadi ya kumbukumbu ya kuandikia vipimo. Kihisi hiki kina usahihi wa nusu nyuzi kati ya hasi 10 na 85, na hiyo inatosha kabisa.

Moyo wa programu ni mistari mitatu:

kama joto < 33, washa balbu
kama joto > 35, zima balbu
vinginevyo, acha kama ilivyo

Mstari wa tatu ndio wenye busara. Ukiweka mpaka mmoja tu, mathalani 34, rilei itawaka na kuzima kila sekunde chache joto likichezacheza hapo mpakani, na baada ya wiki itakuwa imekufa. Ukiacha pengo la nyuzi mbili, mfumo unatulia. Kila wiki Shangazi anabonyeza kitufe kimoja na namba zote mbili zinashuka kwa 3.

Lakini msimbo huo haufai kuachiwa uhai wa kiumbe chochote. Sababu ni hii. Waya wa kihisi ukichomoka, ile maktaba ya msimbo ambayo karibu kila mtu huitumia kwa DS18B20 inakurudishia joto la hasi 127. Programu inaliamini. Hasi 127 ni chini ya 33, basi inawasha balbu, na itaendelea kuziwasha milele. Vifaranga wataiva. Upande wa pili, kihisi hicho hicho kikipata umeme upya bila kumaliza kupima, kinatoa 85. Programu inaona 85 ni zaidi ya 35, inazima. Vifaranga wataganda. Namba mbili tu, zote za uongo, na kila moja inaua kwa njia yake.

Kwa hiyo kabla ya kuamua chochote programu inajiuliza kama namba inawezekana. Chochote chini ya 5 au juu ya 50 hakihesabiwi. Zikija namba mbaya tano mfululizo, inaacha kujifanya inajua: inazima balbu na kupiga buza. Nilifikiria sana kama izime au iwashe. Nikazima, kwa sababu baridi inampa mtu nafasi ya kuamka na kufanya kitu, wakati moto hautoi nafasi hiyo.

Rafiki zangu wa kazini walitaka nipeleke vipimo kwenye wingu, niweke dashibodi, nitume arafa kwa simu. Nawapenda, lakini Shangazi analala mita tatu kutoka kwenye sanduku. Buza inamtosha.

Stima ikipotea

Hili ndilo lililokuwa swali lenyewe tangu mwanzo. Kifaa chochote cha stima ni kizuri mpaka stima iondoke.

Kwanza, ajue imeondoka. Tulichukua chaja kuukuu ya simu, ikawa inashikilia rilei ndogo. Stima ikikatika, rilei inaachia, na inapoachia inaunganisha betri ya volti 9 na buza. Hakuna hata mstari mmoja wa programu hapo. Hakuna cha kuharibika ila betri, na hiyo tunaibadilisha kila kundi jipya la vifaranga.

Pili, joto litoke wapi? Kila niliyemwuliza alisema inverta na betri. Kabla ya kununua, nilikaa na kalamu. Fuatilieni hesabu hii, ni ya darasa la sekondari.

Betri ndogo ya volti 12 na ampia-saa 7, ile ya kwenye mashine za kulinda kompyuta, ina 12 × 7 = wati-saa 84. Balbu zangu mbili ni wati 200. Dakika 25 imekwisha, na betri ya risasi haipendi kumalizwa, kwa hiyo sema dakika kumi na mbili. Betri kubwa ya ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, nusu yake ni 600, hiyo ni saa tatu. Ni nzuri. Lakini bei yake na ya inverta inazidi faida ya makundi kadhaa ya vifaranga.

Sasa tazama maji. Lita moja ya maji ikishuka nyuzi moja hutoa karibu jouli 4,186. Mtungi wa lita 5 ukishuka kutoka nyuzi 80 hadi 35 umeshuka nyuzi 45. Zidisha: 5 × 4,186 × 45 = jouli 941,850. Uniti moja ya stima ni jouli milioni 3.6. Gawanya, unapata uniti 0.26, yaani wati-saa 260.

Rudia kusoma hapo. Mtungi mmoja wa mafuta ya kupikia uliokwisha, ukijazwa maji ya moto, umebeba joto la betri tatu za ampia-saa 7. Mitungi miwili inakaribia kile unachoweza kukitoa salama kwenye betri kubwa ya ampia-saa 100. Na Shangazi anayo mitungi chungu nzima.

Bila shaka maji hayatoi joto kwa mpangilio wa balbu. Yanatoa kwa kasi mwanzoni kisha yanafifia. Hapo ndipo lile suala la upande wa joto na upande wa baridi linapotuokoa. Mtungi unafungwa kitambaa kinene na kulazwa upande mmoja, blanketi linafunika sanduku huku tundu la hewa likibaki, na vifaranga wanajipanga wenyewe. Mwanzoni wanakaa mbali kidogo. Baada ya saa moja wameuegemea kama mama yao. Mtungi wa pili unaingia wa kwanza unapofifia, na wa kwanza unarudi kujazwa.

Tahadhari mbili. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100, lakini hata hiyo ni nyingi kwa plastiki, kwa hiyo yaache yapoe kidogo kabla ya kumimina. Na kifuniko kifungwe kweli kweli. Kifaranga aliyelowa kwenye baridi hana saa nyingi.

Maji yanachemshwa wapi? Kwenye jiko la makaa lile lile. Ila sasa jiko linakaa nje, kwenye korido ya wazi, na haliingii ndani hata mvua ikinyesha. Kinachovuka kizingiti ni maji. Nilimwambia Shangazi kwamba kati ya vyote nilivyomletea, hiki ndicho muhimu kuliko vyote, na hakina waya hata mmoja. Akanijibu, "Basi wiki mbili ulikuwa unafanya nini?"

Watu wakubwa nao wanajenga masanduku

Msidhani haya ni mambo ya vichochoroni tu. Jirani zetu wa Tanzania wana kisa kinachonivutia sana. Mwaka 1996 wanasayansi walikuta kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, chura mdogo asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Hayupo kwingine kokote duniani. Bwawa la umeme lilipojengwa, sehemu kubwa mno ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu vyura 500 walisafirishwa hadi Marekani na kuwekwa kwenye mabanda ya Bronx Zoo, baadaye pia Toledo Zoo. Huko watu walilazimika kujifunza kutoka sifuri joto gani, unyevu gani, mwanga gani. Idadi ilishuka sana kabla ya kupanda tena.

Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako manyunyu sasa yanatengenezwa kwa mabomba. Yaani kwa miaka kadhaa kabila zima la viumbe liliishi ndani ya masanduku yenye kudhibitiwa joto na maji. Nikiwaza hivyo, kihisi kinachosema hasi 127 hakinichekeshi hata kidogo.

Kumbukumbu zinasema nini

Kundi la kwanza lililolelewa kwenye sanduku hili lilikuwa la sitini, na wakafika wiki ya tano hamsini na saba. Mmoja alikuja dhaifu tangu mwanzo, wawili sijui sababu yao, na sitasingizia baridi. Stima ilipotea mara nne. Mara ndefu kuliko zote ilikuwa saa tano na dakika kadhaa, usiku wa manane. Arduino ilikuwa ikipata umeme kutoka kwenye benki ya simu, kwa hiyo kumbukumbu za usiku huo ninazo: upande wa mitungi joto halikushuka chini ya nyuzi 29. Si 34, lakini hakuna aliyekufa.

Grafu zilinionyesha na jambo ambalo sikulitarajia. Kati ya saa moja na saa tatu za jioni, balbu zilikuwa zikikaa zimewaka muda mrefu kuliko saa nyingine za jioni, ingawa nje bado hakujawa na baridi kali. Nilifikiri kihisi kimehama. Kumbe ni volti. Saa hizo kila mlango wa ploti umewasha kitu, na volti kwenye soketi zinashuka. Balbu ya uzi ikipata volti 200 badala ya 240 hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Kidhibiti kilikuwa kinafidia kimya kimya kwa kuziacha ziwake zaidi. Kwa balbu isiyo na kidhibiti, vifaranga wangekuwa wanapata baridi kila jioni na hakuna ambaye angejua sababu.

Na tokeni? Balbu mbili zikiwaka saa 24 zinakula uniti 4.8 kwa siku. Wiki ya kwanza kidhibiti kiliziwasha chini kidogo ya nusu ya muda, wiki ya tatu chini ya robo. Shangazi ana daftari lake la tokeni, na anasema namba zangu na zake zinalingana. Huo kwangu ni ukaguzi wa hesabu wa kutosha.

Ukitaka kujaribu

Kama hutaki kuandika programu, usiandike. Kuna kibao kidogo kinachoitwa W1209, cha volti 12, chenye kihisi na rilei tayari, na unaweka joto kwa vitufe. Kinafanya kazi ileile ya kuwasha na kuzima. Ukikitumia, kwanza chomoa kihisi ukiwa umesimama hapo na uone kinafanya nini. Usikikabidhi vifaranga kabla ya hapo.

Na kama hata hicho hukiwezi, fanya mambo matatu yasiyo na gharama: pasha upande mmoja tu, weka mitungi miwili ya maji ya moto tayari, na jiko libaki nje ya mlango. Hilo la tatu mwambie na jirani yako, hata kama hafugi kuku.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Buza ya stima inamwamsha Shangazi, lakini inamwamsha na mjukuu, na siku za shule mtoto anaenda darasani akisinzia. Nafikiria kitu cha kutetemeka chini ya mto, kama simu. Mwenye wazo rahisi zaidi anitumie, mradi lisihitaji intaneti, maana mwenye nyumba ameshasema.

Makala ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nawaahidi. Mpaka hapo, kaeni salama.